Gemu Inayotamba, Nani Kaihesabu? Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka kusini, kuanzia Kilwa mpaka Newala, na karibu zote zinazunguka gemu nyepesi za simu: zipi zinapendwa, zinapandaje chati, na kwa nini nyingine zinasahaulika kabla bando la wiki halijaisha. Gemu nyepesi hapa ni zile za kidole kimoja, unazocheza ukisubiri basi lijae: ludo, kukimbia juu ya reli, kupanga vipande, kulinganisha peremende, biliadi. Gemu nzito za vita zenye GB kadhaa tutazijibu siku nyingine.

Nauza simu sokoni Masasi. Mteja akinunua hutaka nimwekee "gemu zinazotamba". Play Store inanionyesha orodha moja, YouTube inataja nyingine, na bodaboda pale stendi wanacheza kitu kingine kabisa. Nimfuate nani?
— Muuza simu, Masasi

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, maana kila mmoja anahesabu kitu chake. Kuna gemu inayopakuliwa sana, inayochezwa sana, inayoingiza pesa sana, na inayobaki kwenye simu baada ya mwezi. Ni nadra gemu moja kushika nafasi zote nne.

Orodha ya Play Store utaipata ukifungua upande wa Michezo, kisha sehemu ya zinazoongoza. Usichanganye na ukurasa wa mwanzo wenye mapendekezo. Ule umepangwa kukufuata wewe na vitu ulivyowahi kupakua. Ndani ya orodha utachagua za bure, zenye mapato makubwa, au za kulipia. Ile ya bure inaegemea upakuaji wa siku za karibuni. Ndiyo maana gemu mpya iliyomwaga matangazo TikTok wiki hii inaweza kukaa juu ya gemu ambayo nusu ya mtaa wako huicheza kila jioni. Aliyekwisha kuwa nayo hapakui tena, kwa hiyo chati haimwoni. Orodha ya mapato inahesabu wanaolipa ndani ya gemu, na kwa mteja wako asiye na kadi ya benki haina msaada wowote.

Namba iliyo chini ya jina la gemu, kama milioni 100 na alama ya kujumlisha, ni ya dunia nzima, na inakwenda kwa ngazi: baada ya milioni 100 ngazi inayofuata ni milioni 500. Gemu yenye milioni 110 na yenye milioni 480 zitaonekana sawa. Nyota ni habari nyingine. Tangu Novemba 2021 nyota unazoziona kwenye simu ni za watumiaji wa nchi ya akaunti yako, kwa hiyo zinakaribia zaidi hali ya Tanzania kuliko ile namba ya upakuaji.

Hakikisha kwanza akaunti yenyewe ni ya Tanzania. Bonyeza picha ya akaunti, ingia Mipangilio, kisha Jumla, kisha mapendeleo ya akaunti na kifaa, usome nchi. Simu iliyotumika iliyokuja na akaunti ya nje itakuonyesha chati ya huko. Chati hufuata akaunti, haifuati mnara. Hata ukishuka Kilambo na simu ikadaka mtandao wa Msumbiji, orodha ni ileile. Kubadili nchi kunaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka, usifanye kwa majaribio.

Kisha kumbuka ukubwa wetu. Kwa sensa ya 2022 nchi ina watu takribani milioni 61.7, na Mtwara na Lindi kwa pamoja ni kama milioni 2.8, yaani chini ya asilimia 5. Kusini yote ikihamia gemu nyingine kesho, chati ya taifa itatikisika kidogo sana. Kwa dukani kwako, kijana wa stendi ni shahidi mzuri kuliko chati. Weka moja ya ludo, moja ya kukimbia na moja ya kupanga vipande, zote ziwe zinafunguka bila intaneti. Chati itumie kumwonyesha mteja kitu ambacho hajakiona.

Jambo moja zaidi, na hili linaharibu biashara: usimwekee mteja gemu kwa akaunti yako ya Google. Simu ikija kufutwa yote kupitia vitufe vya pembeni, itadai akaunti iliyokuwemo, na mteja atarudi na simu iliyofungwa. Mfungulie ya kwake, hata kama foleni ni ndefu.

Nasoma chuo hapa Mtwara mjini. Naandika ripoti ya mwenendo wa umaarufu wa gemu za simu Tanzania kwa kutumia Google Trends. Gemu moja ina 100, nyingine 3, na nikichagua Mtwara peke yake napata sifuri. Ina maana huku hakuna anayecheza?
— Mwanafunzi, Mtwara

Hapana. Ile 100 haihesabu watu. Google Trends inachukua sehemu ya utafutaji wa neno lako katika utafutaji wote wa eneo na kipindi ulichochagua, kisha kilele kinapewa 100 na vingine vyote vinapimwa kwa kilele hicho. Gemu yenye 100 mwezi Januari na 40 mwezi Mei imeshuka hadi asilimia 40 ya kilele chake yenyewe, basi. Ukiongeza gemu kubwa kwenye ulinganisho, ile ya kwanza itabanwa mpaka 3, ingawa hakuna kilichobadilika kwa wachezaji wake.

Kwa kuwa kinachopimwa ni sehemu ya jumla, kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Watu wapya wakiingia mtandaoni na kutafuta matokeo ya mtihani, ajira na ligi, sehemu ya gemu yako inapungua. Mstari utashuka hata kama wachezaji wameongezeka. Usiandike kamwe "wachezaji wamepungua" kwa kuangalia mstari huo peke yake.

Sifuri ya Mtwara maana yake utafutaji ulikuwa mdogo kuliko kiwango cha kuonyeshwa. Tena eneo hukisiwa kutokana na anwani ya mtandao, na laini za simu za mikoani huweza kuonekana kama ziko Dar es Salaam kwa sababu data yake inapitia mitambo ya huko. Fanya kazi ngazi ya taifa, na Mtwara uipime kwa njia nyingine tunayoieleza katika jibu linalofuata.

Namna ya kupata data safi ni hii. Chagua Tanzania. Andika jina la gemu na usubiri mapendekezo. Yakitokea yenye maelezo kwamba ni mchezo wa video, chagua hiyo mada badala ya neno tupu. Kwa gemu ya Subway Surfers, neno "subway" peke yake litakuletea mikate ya Marekani na treni za chini ya ardhi. Linganisha zisizozidi tano kwa wakati mmoja. Zikiwa zaidi, teua moja iwe mizani, iwemo katika kila kundi, kisha gawanya kila thamani kwa thamani ya mizani ya wiki hiyohiyo. Mizani isiwe kubwa mno wala ndogo mno. Ya katikati, isiyoyumba, ndiyo inayofaa. Kipindi nacho kina adabu yake: siku 7 hukupa data ya kila saa, siku 90 ya kila siku, mwaka mmoja mpaka mitano ya kila wiki, na zaidi ya hapo ya kila mwezi. Nukta ya mwisho yenye mstari wa vidoti ni kipindi kisichokamilika, ikate. Pakua faili la CSV (jedwali la namba) siku hiyohiyo na uandike tarehe, kwa sababu mtambo hutumia sampuli na ukirudi wiki ijayo namba zinaweza kutofautiana kidogo.

Badili pia utafutaji wa wavuti uwe wa YouTube. Kwa gemu, YouTube mara nyingi husema zaidi, maana anayekwama kwenye levo huenda kutazama wengine wanavyopita. Lakini anayecheza ludo kila siku hana cha kutafuta popote. Ikoni iko kwenye simu, anaigusa tu. Kwa hiyo gemu tulivu zilizokita mizizi zitaonekana dhaifu kwenye Trends kuliko zilivyo.

Ili ripoti isimame, ongeza daftari la chati. Kila Jumamosi saa ileile, kwa akaunti ileile, andika 20 bora za bure: nafasi, jina, aina, ukubwa wa MB, inacheza bila intaneti au la. Wiki 12 zinatosha kuanza. Usitafute wastani wa nafasi, maana gemu iliyotoka kwenye 20 haina nafasi ya kujumlishwa. Hesabu wiki ilizokaa ndani na nafasi ya juu iliyoifikia. Gemu iliyofika ya 1 ikakaa wiki mbili ni tofauti kabisa na iliyokaa wiki zote 12 kati ya nafasi ya 8 na ya 15, na tofauti hiyo ndiyo ripoti yako.

Weka alama za kalenda pembeni: likizo za shule za Juni na Desemba, Ramadhani, na kwa huku kwetu msimu wa korosho kuanzia Oktoba, pale malipo ya minada yanapoingia na simu mpya zinanunuliwa. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita, utailaumu gemu kwa jambo lililoletwa na mwezi mwandamo.

Tuna kijiwe hapa Mikindani na tunabishana kila siku. Tukitaka kujua kwa hakika gemu gani inachezwa hapa kwetu, tuulize watu wangapi, na tuulizeje?
— Vijana wa kijiweni, Mikindani

Msiulize "unapenda gemu gani". Mtu hutaja iliyomjia kichwani, au ile inayompa sifa mbele ya wenzake. Mwombeni afungue mwenyewe Mipangilio, aingie Digital Wellbeing, asome gemu mbili zenye dakika nyingi za jana na za juzi. Simu isiyo na sehemu hiyo, aangalie matumizi ya betri kwa kila programu. Si kipimo kamili lakini hutaja zilizotumika kweli. Andikeni gemu, dakika, umri kwa makundi, na aina ya simu. Jina na namba ya simu msiandike: hamvihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haifanyi mzaha na daftari la namba za watu linalozagaa kijiweni.

Kuhusu idadi: tuseme mmepata simu 50 na 19 zina ludo. Hiyo ni asilimia 38, lakini kwa simu 50 ukweli unaweza kuwa popote kati ya 25 na 51. Kwa simu 200 upana huo unashuka kuwa kama pointi 7 juu na 7 chini. Na hesabu hiyo ina maana tu ikiwa simu hazikuchaguliwa kwa urafiki. Mkiwahesabu wa kijiweni peke yao mtapima kijiwe. Simameni sehemu tatu zisizofanana, kwa mfano sokoni asubuhi, kituo cha daladala mchana na karibu na shule saa za kutoka, mkimwendea kila mtu wa tano anayepita. Wanawake husahaulika sana kwenye hesabu za namna hii, na gemu za kupanga vipande na kulinganisha peremende zikikosekana kwenye majibu, jiulizeni kwanza mliuliza kina nani.

Kwa nini gemu nyingine hupotea ghafla na nyingine hazizeeki? Ludo ipo tu miaka yote, lakini zile za kuruka mabomba zimepotelea wapi?
— Msomaji, Kilwa Masoko

Ya mabomba ni Flappy Bird, kazi ya Dong Nguyen wa Vietnam. Ilitoka Mei 2013, ikalala miezi kadhaa, ikalipuka Januari 2014, na Februari mwaka huohuo mwenyewe akaitoa sokoni. Hiyo haikufa kwa kuchosha, iliondolewa na baba yake. Zinazokufa kifo cha kawaida ni kundi lililoshamiri kuanzia miaka ya 2017 na 2018, la gemu za sekunde thelathini: mpira unaodondoka, kisu kinachorushwa, rangi inayojaza. Kampuni kama Voodoo ya Ufaransa zilizitoa kwa wingi. Biashara yake ilikuwa kumnunua mchezaji kwa tangazo la senti chache, kumwonyesha matangazo siku mbili tatu, kisha kumhamishia gemu ya pili. Hazikutengenezwa zikae. Aprili 2021 Apple ilipoanza kulazimisha programu za iPhone kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, kulenga matangazo kukawa kugumu, na hesabu ile ikaanza kuwagomea.

Sasa ludo. Ludo King ya kampuni ya Gametion ya India ilitoka 2016, na ikapaa 2020 watu walipofungiwa ndani kwa UVIKO. Lakini mtu wa Kilwa hakufundishwa ludo na simu. Aliijua kwenye ubao wenye kioo, na kete zikigongwa. Gemu ambayo sheria zake ziko kichwani tayari haina kazi ya kumfundisha mchezaji, na kule ndiko gemu nyingi hupoteza watu, kwenye dakika mbili za mwanzo. La pili ni kwamba watu wanne hucheza kwenye simu moja wakipokezana, bila bando. Simu moja, wachezaji wanne, na chati imehesabu upakuaji mmoja!

Nyingine hudumu kwa njia tofauti. Subway Surfers, ya Wadenmark, tangu 2013 hubadilisha mji kila baada ya wiki chache, kwa hiyo kuna sababu ya kuifungua tena. Candy Crush Saga ya 2012 huongezewa levo bila kikomo na inajua kukukwamisha mahali ambapo karibu umalize. Ndiyo inayokufanya urudi, na ndiyo inayowafanya wengine walipe. Angry Birds ya Desemba 2009 ilitawala kwa sababu ilitumia mguso wa kioo wakati kioo kilikuwa bado kigeni. Nyoka wa Nokia 6110, mwaka 1997, alikuja na simu yenyewe. Ukizitazama pamoja utaona kinachobeba gemu mwanzoni, iwe tangazo, maajabu ya simu mpya au kelele za mtandaoni, mara nyingi sicho kinachoibakiza.

Nikirusha gemu kwa Xender kwenda simu ya mteja, nyingi siku hizi zinagoma: "Programu haijasakinishwa", au inafunguka na kujifunga. Zamani haikuwa hivi. Tatizo ni simu za bei ndogo?
— Fundi simu, Nachingwea

Mara nyingi tatizo ni faili, fundi. Tangu Agosti 2021 gemu mpya kwenye Play Store hupelekwa kama kifurushi, na Play Store huikatia kila simu vipande vyake: kiini, kipande cha prosesa, cha ukubwa wa kioo, cha lugha. Ukirusha kiini peke yake, simu ya pili inapokea mwili bila miguu. Hata vikienda vyote, vipande vilikatwa kwa simu ya kwanza. Gemu iliyotoka kwenye simu ya biti 64 haitakaa kwenye simu ndogo inayoendesha mfumo wa biti 32, na hizo bado ziko nyingi mikononi mwa watu.

Tumia njia ya Play Store yenyewe. Kwenye simu zote mbili washa Bluetooth na huduma ya mahali (location), fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, ingia Simamia programu na kifaa, kisha Shiriki programu. Mmoja achague Tuma, mwingine Pokea. Haili bando, inathibitisha faili, na inakubali gemu za bure tu. Ikikataa, kagua kwa mpangilio huu: toleo la Android la anayepokea, kisha nafasi (gemu ya MB 150 iachie angalau mara mbili yake, maana wakati wa kuweka kuna nakala ya muda), kisha kama kuna toleo la zamani lililotoka kwingine. Hilo la mwisho lina saini tofauti na lazima litolewe kwanza. Mwambie mteja kabla hujalitoa, kwa sababu levo zake zote zitapotea kama hakuwa ameziunganisha na akaunti.

Gemu zilizochakachuliwa zenye "sarafu zisizoisha" usiziweke kwenye simu ya mtu hata akikuomba. Gemu ya ludo ikiomba kusoma SMS, au ruhusa ya ufikivu inayoiwezesha kuona na kubonyeza kioo, haitaki ludo. Inatafuta ujumbe wa M-Pesa na namba za uthibitisho.

Watoto wanashika simu jioni, asubuhi bando la wiki limekwisha. Nimeambiwa gemu hizi hazitumii intaneti.
— Mama wa watatu, Newala

Gemu haitumii, mama, matangazo ndiyo yanayotumia. Kila baada ya raundi moja au mbili huletwa video ya sekunde 15 hadi 30, na mtoto akibonyeza apate "uhai wa ziada" anaita nyingine. Rahisi kuliko zote ni kuzima data kabla ya kuwapa simu. Gemu ya kweli ya bila intaneti itaendelea na matangazo mengi yatakosekana. Ikigoma kufunguka bila data, badili gemu.

Kisha ingia Play Store, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, na uweke programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Sasisho la usiku hula kuliko mchezo wenyewe. Kwenye Mipangilio ya simu, fungua gemu yenyewe na uzime data ya chinichini. Na kama kuna njia ya malipo kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa ununuzi uombe nywila kila mara.

Nimetengeneza gemu ya bao. Nataka kuiweka Play Store na nijue kama inapendwa kweli au wananipongeza marafiki tu.
— Mtengenezaji, Lindi mjini

Akaunti ya mtengenezaji ni dola 25, mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hulazimika kwanza kufanya majaribio ya kundi lililofungwa (closed testing) na watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anakupa barua pepe moja, kumbe Play Store yake iko kwa nyingine. Au siku ya 10 mmoja anajitoa, mnabaki 11. Tafuta 20. Wachague wanaolijua bao, kwa sababu asiyelijua atakuambia tu rangi ni nzuri.

Marafiki wa pongezi utawatambua kwa siku. Chukua kundi lililopakua siku moja, tuseme watu 200. Waliofungua kesho yake ni 60: asilimia 30. Siku ya 7 ni 24: asilimia 12. Siku ya 30 ni 8: asilimia 4. Kipimo cha zamani cha watengenezaji ni 40, 20 na 10, na gemu nyingi hazikifikii, kwa hiyo usikate tamaa na mfano huu. Soma umbo lake. Wakipotea kesho yake, kosa liko mwanzoni: gemu nzito, maelezo marefu, au sheria hazieleweki. Wakibaki wiki na kupotea mwezi, hakuna jipya la kuwarudisha, au kompyuta anayocheza nayo mtu inashindwa kirahisi.

Kwa bao tungeshauri jambo moja mahususi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na 22 ghalani, na hatua ya kunamua, yaani kuingiza kete za ghalani ubaoni moja moja, inamtoa jasho mgeni. Weka bao la kujifunza liwe mlango, ambapo kila shimo lina kete mbili tangu mwanzo, na lile kubwa lifunguke baada ya michezo kadhaa, au papo hapo kwa anayesema analijua. Weka wachezaji wawili kwenye simu moja. Jaribu kwenye simu ya RAM ya GB 2 iliyojaa picha, maana hizo ndizo zitakazoipokea. Tangazo likae baada ya mchezo kuisha. Ukilikatishia mtu kete zikiwa bado zinatembea, ataitoa gemu na nyota moja atakuachia. AdMob, huduma ya Google ya matangazo ndani ya programu, hulipa salio likifika dola 100, na kwa wachezaji mia mbili huo ni mwendo mrefu.

Play Console, ukurasa wa Google wa watengenezaji, itakupa takwimu kwa nchi. Mtwara na Lindi hutaziona humo.

Gemu ya kuunganisha matunda inasema nimefikisha shilingi 120,000. Sasa inataka nitazame matangazo zaidi, kisha nilipe "ada ya kutoa".
— Msomaji, Tandahimba

Usilipe. Tangazo moja linamwingizia mwenye gemu senti, kwa hiyo hana mahali pa kutoa laki na ishirini ya kukupa wewe. Utaona salio linakimbia mwanzoni na kutambaa likikaribia kiwango cha kutoa. Limepangwa hivyo ili uendelee kutazama. Michezo ya pesa halali hapa nchini ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya 2003, na ni ya wenye miaka 18 na kuendelea. Kuunganisha matunda kwa ahadi ya pesa hakumo.

Kabla ya kuitoa, fungua ruhusa zake uone kama uliipa SMS au anwani za watu, uzifunge, ndipo uifute. Na kama uliandika PIN yako ya pesa popote ndani yake, anza na hiyo: ibadilishe sasa hivi, gemu utaifuta baadaye.